Siku Pikapu Ilipopanda Sekenke Bila Petroli

Kazi yangu ni ya masikio. Watu wa Utemini wanaonifahamu wanajua kwamba ukinipigia simu gari limekuzimia njiani, sikuulizi limefanya nini. Nakwambia liwashe, sogeza simu kwenye boneti, nyamaza. Beringi iliyochoka naijua kwa mlio wake, plagi mbovu naijua, mkanda unaolia asubuhi na kunyamaza jua likipanda naujua. Injini ikikohoa mtaa wa pili naacha chai yangu na kugeuza shingo. Sasa mtu wa namna hiyo unamletea gari lisilo na sauti, halafu unategemea akupigie makofi?

Aliyeniletea ni mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu. Alikaa Arusha miaka kadhaa kwenye karakana inayobadilisha magari ya watalii: wanatoa injini, wanaweka mota ya umeme na betri, gari linakwenda kuangalia tembo bila kuwashtua. Akarudi Singida na mota iliyonusurika kwenye gari dogo lililopata ajali, makasha ya betri, na nyaya za rangi ya chungwa zenye unene wa kidole gumba. Akavipanga kwenye kona ya gereji na kunitangazia kwamba hiyo ndiyo biashara yetu mpya. Tutachukua magari ya watu ya petroli, tuyafanye ya umeme.

"Hapa hakuna tembo," nikamwambia. "Wapo mbuzi, na mbuzi wa Singida wamezoea kelele."

"Kaka, mimi sizungumzii tembo. Nazungumzia petroli. Wewe hujui watu wanavyolia sheli?"

Nilijua. Aliyelia kuliko wote alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yetu, na ndiye mwenye kiwanja cha gereji. Babu yao alipanda kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaoa Mnyaturu, akasahau kurudi. Wanawe wakawa watu wa maduka. Baba mkubwa anauza mchele, vitunguu na mafuta ya alizeti, na ana pikapu kadhaa zinazozunguka mkoa mzima kutafuta mzigo. Kila zikirudi anazitazama kama watoto waliokula daku peke yao. Mwaka ule alikuwa amechoka na zile pikapu, na kwa kweli alikuwa amechoka na mimi pia. Kiwanja kilijaa mizoga ya magari ambayo wenyewe waliyatelekeza. Akaniambia wazi, mbele ya mke wangu, kwamba mavuno ya alizeti yakiingia anataka kujenga stoo pale, mimi nitafute pa kuhamia.

Niliumia sana. Nilianzia utundu pale, nikajifunza kushika spana pale, nikaolea pale. Lakini baba mkubwa ni baba, nikasema sawa baba, nikaenda kupiga teke tairi nyuma ya ukuta.

Mdogo wangu hakusema sawa. Alikwenda dukani kwa mzee, akapiga goti, akamwamkia, akakaa hapohapo chini hadi mzee akamuuliza ana shida gani. Akamwomba ile pikapu ya kijivu iliyokufa injini, iliyokuwa imelala gerejini kwangu majani yakiota kwenye magurudumu. Akasema ataifufua bila tone la petroli. Ikifanya kazi, baba mkubwa atupe na nyingine tuzibadilishe, na gereji ibaki. Ikishindwa, tutahama bila neno.

"Na huyo kaka yako amekubali?" mzee akauliza.

"Amekubali," akasema, na mimi sikuwa na habari.

Tukaanza. Niliitoa injini mwenyewe, kwa mnyororo uleule nilioshushia injini za watu tangu ujana. Injini ile ilikuwa maiti, nakubali, lakini lile shimo lililobaki mbele ya gari lilinitia huzuni. Tukatoa tangi, tukatoa rejeta, tukatoa bomba la moshi. Mdogo wangu alikuwa anacheka kila kitu kilipoanguka chini. Gia boksi tu ndiyo aliyoiacha, kwa sababu mota ingekaa mahali pa injini na kuzungusha gia zilezile. Fundi mmoja wa kuchonga vyuma mjini akatutengenezea sahani ya kuunganisha mota na gia boksi, akairudia mara ngapi sijui, maana ikipinda kidogo tu kila kitu kinatetemeka.

Siku ya kuijaribu nilikaa mimi kwenye usukani, kwa sababu ya ukubwa. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena.

"Haijawaka," nikasema, na moyoni nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

"Imewaka, kaka. Kanyaga."

Nikakanyaga. Ukuta wa jirani ukaanza kusogea. Ndivyo ilivyokuwa, naapa, sikuhisi kwamba mimi ndiye ninayekwenda, niliona ukuta unapita dirishani polepole na kuku wa jirani wamesimama palepale, hawakukimbia, hakuna aliyewaambia kuna gari. Nikafunga breki. Nikashuka, nikafanya kile ninachofanya siku zote gari likitoka kutembea, nikaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya baridi. Nikasema subhanallah kwa sauti, na mdogo wangu, aliyekuwa amejiandaa kubishana nami hadi jioni, akanitazama tu.

Tuliizungusha mjini, tukaipeleka Ihanja na kurudi, na huko ndiko nilikoona ajabu kubwa zaidi. Kwenye mteremko, mdogo wangu alinionyesha mshale wa betri kwenye dashibodi. Ukiwa na gia na ukaachia mguu, gari linakushika lenyewe kama vile umekanyaga breki kidogo, na mshale unapanda. Unashuka mlima na gari linajaza betri. Mota inageuka jenereta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Nilimwambia arudie. Tukapanda tena, tukashuka tena, watu wa pale barabarani wakadhani tumepoteza kitu. Miaka yote mteremko kwangu ulikuwa ni mahali pa kuunguza breki, na kumbe kulikuwa na mali inamwagika pale.

Baba mkubwa alipoambiwa iko tayari hakuja kuitazama. Alituma neno. Iende Shelui, ikachukue mchele kwenye duka lake la huko, ipande mlima wa Sekenke ikiwa na mzigo, ifike Utemini kwa magurudumu yake. Ikivutwa, tuanze kufunga virago. Na dereva awe dereva wake, kwa sababu sisi ni watoto na watoto hujishuhudia vizuri.

Dereva huyo alikuwa mzee wa Manyoni, mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na alikuwa ameendesha magari ya baba mkubwa tangu mimi nikiwa naendesha tairi la baiskeli kwa kijiti. Sote tunamwita baba. Nilimpenda, na siku ile nilimwogopa, kwa sababu ninayoieleza sasa.

Barabara yetu ina desturi ambayo haikuandikwa popote. Tajiri anampa dereva petroli ya safari. Dereva akiweza kuokoa, kilichobaki kwenye tangi ni chake. Kinaitwa mafuta ya mteremko, kwa sababu yanaokolewa mteremkoni: dereva anatoa gia, anaweka fri, gari linateleza lenyewe. Ni hatari, na askari hawataki, na kila mtu anafanya. Matajiri wanajua na wananyamaza, kwa kuwa mshahara wanaolipa nao si wa kuujadili. Kwa mafuta ya mteremko yule mzee alisomesha watoto. Sasa tunampa gari ambalo halina tangi. Akirudi akasema halifai, nani atambishia?

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, watatu kwenye kiti kimoja, mdogo wangu katikati. Kabla hatujatoka uani alimwamkia mzee, akamwambia kwa adabu zote: "Baba, naomba kitu kimoja. Mteremkoni usitoe gia. Betri inajaa hapohapo. Tukipata mteremko wa Sekenke, na chaji nyingine tukaongeza dukani wakati tunapakia, tunarudi nyumbani vizuri."

"Sawa, mwanangu."

Alisema sawa, nami naamini alikusudia. Alfajiri ya Singida ina upepo, na siku ile tulikuwa tunausikia ukipiga kwenye kioo. Mzee hakusema neno hadi tukapita Iguguno. Kisha akasema, "Hii sasa ni safari au nimelala?" Tukacheka. Nikafikiri siku itakuwa njema.

Sekenke ukishuka kutoka upande wetu, nchi inakuishia ghafla mbele ya macho. Umezoea mawe makubwa na vichaka, mara unaona chini bonde la Wembere limetandazwa hadi mbali, na barabara inakata kona kushoto na kulia kuteremka kulifuata. Pale dereva hasemeshwi. Hiyo nayo ni desturi, na hii ina sababu, maana magari yaliyoanguka pale ni mengi. Abiria wananyamaza, hata mtoto analia kwa adabu. Na pale, kona ya kwanza tu, niliuona mkono wa mzee ukienda kwenye gia wenyewe, ukaitoa, ukarudi kwenye usukani.

Fri.

Pikapu ikaachiwa. Mguu wake ukaanza kufanya kazi ya breki, kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, kwa ustadi mkubwa ambao siku nyingine ningeusifu. Mshale ulisimama palepale. Kila kona tuliyoshuka ilikuwa ni chaji inayoungua kwenye breki, na harufu yake tukaanza kuipata. Nikafungua mdomo. Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Mdogo wangu akanikanyaga mguu, kisigino chote, na hakunitazama. Alikuwa anatazama mshale, mikono kaifumbata mapajani, machozi yamemjaa. Angeweza kuirudisha ile gia mwenyewe, ilikuwa kwenye goti lake. Hakuigusa. Huwezi kumshika mkono mzee wa makamo ya baba yako mlima ukiwa chini yake.

Tulipofika tambarare ndipo akasema, taratibu, "Baba, tulikuwa tupate chaji pale juu."

Mzee akatazama gia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona ilipo. "Mlima huu nimeushuka kabla hujazaliwa," akasema, na uso ukafunga. Hatukuongea tena hadi Shelui.

Dukani walipakia magunia ya mchele, na mdogo wangu akachomeka chaja kwenye soketi ya ukutani, ile ya kuchajia simu na kuwashia feni. Umeme wa namna hiyo unaingia kidogokidogo, inabidi uwe na subira nao. Alichuchumaa karibu na gari muda wote, hakunywa hata maji. Nilimuuliza kama itatosha akasema itatupandisha mlima, mengine anajua Mungu. Nikamwambia tulale Shelui. Akasema baba mkubwa anatusubiri leo, na akisikia gari lililala njiani atasema limelala kwa ugonjwa. Adhuhuri ikaingia, tukasali, mzee akakaa kwenye kivuli peke yake. Kisha akaja, akashika usukani bila kuuliza.

Nataka kueleza ule upandaji, na najua sitaweza. Watu wote walioupanda Sekenke na mzigo wanajua unavyopandwa. Gia ya kwanza, injini inalia, joto linapanda, dereva anasikiliza kila mlio kwa hofu, nyuma yako lori na mbele yako lori. Mimi mlima ule naujua kwa kelele. Mafundi wa njiani kule hawaulizi gari limefika kona ipi, wanasikia. Siku ile tukapinda kona ya kwanza na magunia yale yote mgongoni, na gari likapanda. Halikulalamika. Kulikuwa na sauti nyembamba chini ya miguu yetu, ya mota, na kokoto zikipasuka chini ya tairi, basi. Tukalipita lori lililokuwa linatambaa na moshi mweusi, na utingo wake aliyekuwa anatembea pembeni na gogo la kuzuilia tairi akageuka tukiwa tumeshampita. Wachimba dhahabu walikuwa wamekaa kando na mabeseni yao, wakasimama wote, wakatafuta sauti nyuma yetu, wakidhani tunasukumwa.

Nilitoa kichwa dirishani. Nikasikia ndege. Mimi, nimepita Sekenke mara ambazo siwezi kuhesabu, sikuwahi kujua kwamba pale kuna ndege. Nikasikia mbuzi wakilia chini kabisa bondeni, na mtu akimwita mwenzake kwa Kinyiramba, na mwenzake akamwitika. Upepo ulikuwa unavuma kwenye majani ya ukingoni. Mlima wote ulikuwa unaongea, na miaka yote tulikuwa tunaupigia makelele. Ningekuwa peke yangu ningelia kabisa.

Kisha nikasikia kitu kingine, ndani ya gari. Mzee alikuwa ananong'ona. Nilidhani anasali, nikarudisha kichwa ndani nikasikiliza. Alikuwa anataja majina. Tulipopita kona moja akataja jina, tukapita nyingine akataja mawili. Mengine nilikuwa nayajua, madereva wa mjini, mmoja baba wa rafiki yangu. Walikuwa ni watu waliobaki kwenye zile kona. Kumbe kila akipanda huwa anawataja, na utingo na abiria na matajiri wote waliokaa pembeni yake hawakuwahi kumsikia, kwa sababu ya injini. Mdogo wangu naye alikuwa amesikia. Hatukutazamana. Tulikaa kimya hadi akamaliza, na alipomaliza tulikuwa juu.

Sikumbuki kama tulishangilia. Nakumbuka mshale. Ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na kabla ya Misigiri gari likaanza kujipunguza nguvu lenyewe. Mdogo wangu akasema ni kawaida, linajilinda. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma talaka yake. Tungekuwa na chaji ya mteremko mzima, ingetufikisha mbali. Mimi nilianza kufikiria tutakapoweka vifaa vyangu tukihamishwa, na nikamtazama yule mzee kwa jicho baya, mshahara wake na mafuta yake ya mteremko. Nikamwona amebana meno.

"Hili gari," akasema mwishowe, "linataka umeme tu? Umeme wowote?"

"Wowote, baba. Ukiwa mkubwa, linajaa haraka."

"Basi kuna mama hapa mbele anakamua alizeti. Mashine yake ni ya fezi tatu, umeme mkubwa kabisa. Mimi nimembebea mashudu miaka mingi."

Tulisukumana na bahati hadi kwenye uwanja wa yule mama, mwendo wa mtu anayesindikiza wageni. Mashine ilikuwa inanguruma, wanawake wamekaa kwenye magunia yao ya alizeti wakisubiri zamu, hewa yote inanukia mafuta mabichi. Mzee akashuka, akasalimiana na mwenye mashine, wakaulizana habari za nyumbani hadi nikataka kupasuka. Kisha akamwambia ana mgonjwa anahitaji kuongezwa maji. Mama akacheka, akaja kumtazama mgonjwa. Akaangalia chini ya boneti, akaangalia mota, akaniangalia mimi.

"Injini iko wapi?"

"Tumeitoa, mama."

"Mkaja na gari hapa bila injini? Kutoka wapi?"

"Shelui."

Akasema neno la Kinyiramba ambalo sikulielewa, ila wanawake wote walilielewa, wakainuka kwenye magunia yao. Walikuwa wameanza kununa kwamba tunawakatishia zamu. Mashine ilipozimwa, na mdogo wangu akafungua boksi la umeme wake na kuunga waya wa chaja yetu, walisogea wote. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Mshale ukaanza kuinuka, na uliinuka ukionekana kwa macho.

"Linakunywa?" mmoja akauliza.

"Linakunywa," akajibu mdogo wangu.

"Umeme huohuo wa kukamulia?"

"Huohuo, mama. Na wa kusagia unga, na wa kuchomelea, na wa kupandishia maji."

Mwanamke mmoja mtu mzima akainama, akaweka sikio kwenye boneti, vilevile ninavyofanya mimi, akakaa hivyo muda mrefu na uso wake ukalainika. Wengine wakajipanga nyuma yake. Walitupa chai na karanga. Tulilipia umeme wetu, mama akakataa mara ya kwanza, akakubali mara ya pili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia la mtu, nikihesabu kimoyomoyo mashine za kukamua alizeti tulizopita tangu asubuhi, nikashindwa. Singida imejaa hizo. Kila kijiji chenye nguzo kina moja. Watu walikuwa wananiuliza hayo magari yenu yatajazwa wapi, nami nilikuwa nakosa jibu, kumbe sheli zetu zilikuwepo siku zote, zimefungwa mikanda na zinakamua mafuta ya kupikia. Nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tuliingia Utemini jua likiwa linaelekea kuzama. Baba mkubwa alikuwa amekaa kibarazani na wazee wenzake, akitega sikio upande wa barabara kuu. Tulisimama mbele yake na akashtuka, kiti kikarudi nyuma. Hakuna aliyecheka. Akasimama, akaizunguka pikapu, akapapasa magunia, akatazama chini kama kuna kamba ya kuvutia. Hakutuuliza sisi kitu. Akamgeukia dereva wake.

"Haya. Limevutwa?"

"Halikuvutwa."

"Lina kasoro gani?"

Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua mzee anaweza kusema ukweli mtupu na bado akatumaliza: kwamba lilikaribia kuzima, kwamba lilisimama Misigiri kuongezwa. Angesema hivyo tu, kesho angerudi kwenye pikapu yenye tangi. Moyo wangu ulikuwa unapiga hadi nikausikia, kwa kuwa kulikuwa hakuna injini ya kuufunika.

"Kasoro ninayo mimi," akasema. "Huyu binti aliniambia nisitoe gia mlimani, nikaitoa. Sekenke yote nimeishusha fri. Gari lilikuwa linataka kula mteremko, nikalinyima, ndiyo maana likaishiwa Misigiri. Wasingeishiwa. Hilo naliona."

Kila mmoja pale barazani alijua fri ni nini, na mafuta ya mteremko ni ya nani. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kusemwa mbele ya tajiri, na sasa limesemwa, jua linazama, watu wanasikia.

"Kwa hiyo hili gari mteremko linakula lenyewe," baba mkubwa akasema.

"Lenyewe."

"Na wewe sasa utakula nini?"

Mzee akafungua mlango wa pikapu, akaufunga tena polepole. "Hilo," akasema, "ndilo nililokuwa nalifikiria tangu Misigiri. Nikaona nikuachie wewe, kwa sababu miaka yote ulikuwa umeniachia mimi."

Muadhini alikuwa anajiandaa, kipaza sauti kinakwaruza. Baba mkubwa, mtu ambaye sijawahi kumsikia akishindwa kwa maneno na mtu yeyote wa mjini humu, alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa.

"Mshahara tutauzungumza kesho, mimi na wewe, dukani," akasema. "Na hizo nyingine, zianze kuingia gereji." Akaondoka kwenda kutawadha.

Mdogo wangu alikaa chini palepale kwenye vumbi, akaficha uso kwenye mtandio wake. Yule mzee wa Manyoni akamfuata, akachuchumaa kwa shida, magoti yakimlia, hadi akawa sawa naye.

"Fundi," akamwambia. "Safari ijayo kaa palepale katikati. Nikigusa gia, nishike mkono."